Kazi ilikuwa baba: yale yaliyopotea pamoja na mshahara wa Gécamines

Kuanzia mwaka 2003, wafanyakazi 10,655 wa Gécamines wa Lubumbashi, Likasi na Kolwezi walitia sahihi karatasi ya kuacha kazi. Wengi walikuwa wametumika miaka 25 na zaidi, na walikuwa wamekaa miezi mingi bila mshahara. Walipewa pesa mara moja, wakaambiwa hesabu imekwisha. Mpango huo ulilipiwa na Benki ya Dunia, na mjini unaitwa mpaka leo «départ volontaire», yaani kuondoka kwa hiari. Wengi wao hawajalikubali neno hilo «hiari». Mtu asiyelipwa, ambaye watoto wake wamefukuzwa shule, anachagua nini?

Lakini uchungu wao haukuwa wa pesa peke yake. Ili kuuelewa, ni lazima kurudi nyuma kidogo.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906, na mwaka 1911 ikaanza kuyeyusha shaba hapa Lubumbashi, mji ulioitwa Elisabethville wakati ule. Miaka ya kwanza wafanyakazi walitolewa mbali, wanaume peke yao, kwa mikataba mifupi. Wengi walikufa kwa magonjwa na ajali, na wengine walitoroka. Mwisho wa miaka ya 1920 kampuni ikageuza mwendo. Mfanyakazi akaruhusiwa kuja na bibi na watoto, akapewa mkataba wa miaka mitatu, nyumba kambini, posho ya unga, hospitali, na shule ya wamisionari kwa watoto. Ilikuwa hesabu ya biashara: mtu mwenye jamaa anatulia, anaijua kazi yake, na mtoto wake ndiye mfanyakazi wa kesho.

Basi watu wakasema kampuni ni baba, tena ni mama. Baba huyo alikuwa na fimbo. Desemba 1941, wakati wa vita, bei zilipanda na wafanyakazi wakagoma kudai mshahara wa kutosha. Tarehe 9 askari waliwapiga risasi kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville. Makumi walikufa, na kati yao Léonard Mpoyi aliyekuwa akisema kwa niaba ya wenzake.

Baada ya vita, wataalamu wakaingia. Mwaka 1946 ilianzishwa hapa CEPSI, kituo cha kuchunguza mambo ya maisha ya wenyeji. Katika miaka ya 1950 kampuni yenyewe ilikuwa na kituo cha saikolojia na ualimu. Watu walipewa mitihani ya akili na ya mikono ili ijulikane nani afundishwe kazi gani. Mitihani hiyo ilijibu swali la kampuni: huyu anatufaa kwa nini? Swali la mfanyakazi ni lingine: kazi hii inanifanya nini, na ikikatika nitakuwa nani?

Mwaka 1967 serikali ilitwaa mali ya Union Minière, na baadaye kampuni ikaitwa Gécamines. Kambi, posho, shule na hospitali ziliendelea. Heshima ya baba nyumbani ilitegemea gunia la unga lililoingia kwa jina lake. Kwenye foyer social mama alifundishwa kushona na kupika. Kutafuta pesa hakukuhesabiwa kuwa kazi yake.

Kisha mambo yakaanguka. Mwaka 1986 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Mwaka 1994 shaba haikufika tani 50,000. Katikati ya hayo, mwaka 1992 na 1993, jamaa nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika jimbo. Baba wengi katika jamaa hizo walikuwa watu wa Gécamines. Huko Likasi na Kolwezi walilala kwenye stesheni wakingojea treni. Walipoteza kazi, nyumba, shule na daktari kwa siku moja, kwa sababu vyote vilikuwa vimetundikwa kwenye msumari mmoja. Mtu yeyote aliyekimbia kwake anaijua hali hiyo bila kuelezwa.

Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, alitoa kitabu mwaka 2001 ambacho jina lake linasema yote: «Bana Shaba abandonnés par leur père», watoto wa Shaba walioachwa na baba yao. Katika nyumba nyingi mama ndiye aliyekwenda sokoni na shambani ili bukari ipatikane. Mzee ambaye neno lake lilikuwa sheria akangoja kupewa sabuni. Huo ni msiba usio na matanga: hakuna maiti, hakuna watu wa kuja kukaa nawe, na siku ya kumaliza kilio haifiki. Mwaka 2009 kikundi cha walioondoka kiliandikia jopo la ukaguzi la Benki ya Dunia. Walidai pesa, na walidai pia kuhesabiwa kama watu.

Leo mambo ni mengine. Sheria ya migodi ya mwaka 2002 ilifungua mlango kwa makampuni mapya, na vijana wengi wanaingia humo kupitia makampuni ya sous-traitance, kwa mikataba mifupi. Hawana kambi wala posho. Baba wa zamani alitoa yote akachukua yote. Huyu wa sasa anatoa mshahara, na kesho haijulikani. Woga wa kesho nao unachosha mwili, unaondoa usingizi na kuleta ugomvi nyumbani.

Kwa hiyo anayekata kazi ya mtu asihesabu dola peke yake. Na jamaa yenye mzee anayenyamaza kutwa nzima, asiyelala, au aliyeanza kunywa, isiseme upesi kwamba ni uvivu. Akae na wenzake waliotumika pamoja, aulizwe habari za kazi yake, apewe shughuli ambayo watu wa nyumbani wanaihitaji kweli. Ikizidi, Lubumbashi ina kituo cha Dr Joseph Guislain, kinachotibu magonjwa ya akili. Kwenda huko si aibu, kama vile zamani haikuwa aibu kwenda hospitali ya kampuni kwa sababu ya mkono uliovunjika.