Vikorombwezo vya Droni ya Kamera

Droni ya kamera ni chombo kidogo kirukacho angani bila ya rubani ndani yake, aghalabu kwa nguvu ya rafadha nne, kikiongozwa na mtu aliye ardhini kwa rimoti iliyounganishwa na simu. Na vikorombwezo vyake ni vile vitu vyote ambavyo mwenye chombo huvinunua mbali na chombo chenyewe, ama kwa kurefusha muda wa kuruka, ama kwa kukihifadhi, ama kwa kuzitengeneza picha. Makala haya yanahusu vile vimfaavyo mwanagenzi aliyepata droni yake ya kwanza, na mfano utakaotumika ni jamii ya Mini, iundwayo na DJI, kampuni iliyoasisiwa mwaka 2006 na yenye makao yake Shenzhen, China, maadamu hizo ndizo ambazo wanagenzi wengi huanzia.

Mpaka baina ya chombo na kikorombwezo haukuwa siku zote pale ulipo leo. AR.Drone ya kampuni ya Kifaransa ya Parrot, iliyotoka mwaka 2010 na kuongozwa kwa simu, ilikuja na gamba la povu lililozizunguka rafadha zote ili iweze kurushwa ndani ya nyumba. Na Phantom ya kwanza ya DJI, ya mwaka 2013, haikuwa na kamera kabisa, hata ikambidi mnunuzi atafute kamera ya GoPro, kisha kifaa chenye mota cha kuituliza kamera hiyo isitikisike, kisha mtambo wa kurusha picha na kioo cha kuzitazamia, na kuvifunga vyote hivyo kwa mkono wake. Leo hayo yote, isipokuwa kioo, ambacho sasa ni simu yenyewe, yamo ndani ya chombo kikunjwacho na kuenea kiganjani. Vilivyosalia madukani, basi, ni mchanganyiko wa vitu vya lazima na vitu vya upuuzi, na kanuni iliyo bora ya kuvipambanua, kwa rai yetu, ni hii: kinachobaki ardhini chombo kinaporuka aghalabu kina manufaa, na kinachoning'inizwa juu ya chombo chenyewe kitiliwe shaka mpaka kithibitishe haki yake ya kuwapo.

Shaka hiyo asili yake ni uzani. Mavic Mini, iliyotolewa mwaka 2019, iliundwa iwe na gramu 249, wala hesabu hiyo haikutokea kwa sadfa: nchini Marekani droni ya kujiburudisha isiyozidi gramu 250 haidaiwi kusajiliwa, na katika nchi za Umoja wa Ulaya kiwango hicho hicho ndicho kinachoutenga utaratibu mwepesi na ule mzito. Japani, ambako wakati huo sheria ilianzia gramu 200, kampuni ilipeleka droni hiyo hiyo ikiwa na betri ndogo zaidi, uzani gramu 199, na muda wa kuruka ukashuka kutoka dakika 30 hadi 18. Mtu akivika chombo cha namna hiyo vizuizi vya rafadha, taa ya kumetameta na miguu mirefu, huwa ameuvuka mpaka ambao wahandisi walihangaika ili wasiuvuke, tena amekitwisha mzigo wenye kula betri na kushika upepo. Katika Afrika ya Mashariki wepesi wa chombo haumwondolei mtu wajibu wa kuomba ruhusa: Kenya inazo kanuni zake za mwaka 2020 chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na Tanzania Bara kibali hupitia mamlaka ya nchi hiyo ya jina kama hilo pamoja na Wizara ya Ulinzi, ilhali hifadhi za wanyama zina masharti yake mbali. Kibali si kikorombwezo, lakini kitafutwe kabla ya kikorombwezo chochote.

Kitu cha kwanza chenye haki isiyopingika ni betri ya pili. Mtengenezaji wa Mini 2 hutaja dakika 31 za kuruka, ila hesabu hiyo ilipatikana pasipo upepo na kwa mwendo usiobadilika. Mwanagenzi ambaye huenda na kurudi, husimama kufikiri, na hutua betri ikiwa bado na akiba ya robo kama ipasavyo, asitaraji zaidi ya dakika 20 na kitu. Wakati wa kusi, pale droni inapokwenda na upepo kwa raha na kurudi ikiupinga kwa taabu, hupungua zaidi. Kwa betri moja somo huisha mkono haujazoea. Kwa tatu mtu hupata saa nzima ya mazoezi, na saa nzima ya mazoezi ndiyo impatiayo mtu uhodari. Betri hizo ni za lithiamu, na zina adabu zake. Zisichajiwe zikiwa za moto mara baada ya kutolewa kwenye chombo, wala zisiachwe ndani ya gari lililofungwa juani. Zikikaa siku nyingi bila kazi zihifadhiwe na umeme kadiri ya nusu au zaidi kidogo, kwa kuwa kujaa kabisa na kuisha kabisa kote huzidhuru. Njia ya kuitambua betri iliyovimba ni kuilaza juu ya meza iliyo sawa na kuisukuma pembeni kwa kidole: ikiyumba au ikizunguka mahali pake, tumbo lake limeanza kutoka, na haifai kurushwa tena hata kama programu yasema ni nzima.

Kwa msafiri yapo ya kuongeza. Mashirika ya ndege hutaka betri za akiba ziwe katika mzigo wa mkononi, zisitiwe kamwe katika sanduku la chini, na kiwango kinachopita bila ya ruhusa maalumu hakizidi saa-wati 100 kwa betri moja. Ile ya Mini 2 ina 17.32, na hesabu hiyo imechapwa juu ya gamba lake, kwa hiyo afisa akiuliza huonyeshwa papo hapo. Kifaa cha kuchajia betri tatu pamoja huuzwa kando au ndani ya furushi, nacho huzijaza moja baada ya moja, kikianza na ile iliyo karibu kujaa, ili mwenye haraka apate walau moja mapema. Aidha kikiwa na betri ndani yake chaweza kuichaji simu. Mahali ambapo umeme hukatika, pawabenki yenye kutoa wati 18 huifanya kazi hiyo kondeni. Ile iliyoandikwa mAh 20,000 ina kama saa-wati 74, na baada ya kutoa kile kinachopotea njiani kwa joto, huijaza betri ya Mini 2 mara tatu. Pawabenki duni, zile ambazo hesabu ya ubavuni ni kubwa na uzani mkononi ni mdogo, hazifiki hata nusu ya hapo.

Rafadha za akiba ni rahisi kwa bei na hazina mjadala. Za jamii ya Mini zina mapanga mawili kwa kila mota, yaliyofungwa kwa skurubu ndogo mno, na si zote zinazozunguka upande mmoja: zilizo na alama hufungwa kwenye mikono yenye alama, na zisizo na alama kwenye mikono mingine, na atakayezichanganya atakiona chombo kikipinduka kabla hakijainuka. Panga moja likivunjika, yabadilishwe yote mawili ya mota ile, kwa skurubu mpya, maana zile za zamani zimekwisha kupoteza gundi inayozizuia kulegea. Ukaguzi wake ni wa dakika moja: ukucha upitishwe polepole ukingoni mwa kila panga kutoka shinani hadi nchani, na pale unapokwama pana ufa au pengo ambalo jicho halikuliona, lakini kamera italiona, kwa kuwa mtetemo wake huingia ndani ya video. Bisibisi ifaayo huja ndani ya kasha la droni. Hupotea upesi, na ya pili haigharimu kitu.

Kadi ya kumbukumbu yahitaji hadhari zaidi, si kwa sababu ni ghali bali kwa sababu soko limejaa za bandia. Video ya 4K ya Mini 2 huandikwa kwa kasi ya megabiti 100 kwa sekunde, yaani megabaiti 12.5, na kadi yenye alama ya U3 au V30 huahidi kutoshuka chini ya megabaiti 30, basi hiyo yatosha na kubaki. Gigabaiti 64 hubeba video hiyo kwa muda wa saa moja na dakika ishirini na kitu. Kadi ya ulaghai hujitangaza kuwa na gigabaiti 256 na kumbe ndani yake mna 8. Hupokea mafaili yote kwa upole, na ya mwisho hayafunguki. Dawa yake ni kuijaribu siku ya kwanza kwa programu kama H2testw, ambayo huijaza kadi mpaka pomoni kisha huyasoma yale iliyoyaandika. Tunapendelea kadi mbili za gigabaiti 64 kuliko moja kubwa, kwani droni ikizama huzama na kadi iliyo ndani yake tu, na picha za jana ziko salama mfukoni.

Vichujio vya mwanga, viitwavyo ND, ndivyo pekee kati ya vitu vinavyoning'inizwa juu ya chombo ambavyo vina hoja yenye nguvu, ila wauzaji huwauzia hata wasiovihitaji. Kazi yake ni kupunguza mwanga: ND8 hupitisha sehemu moja katika nane, ND64 sehemu moja katika sitini na nne. Lenzi ya Mini 2 ina tundu lisilobadilika la f/2.8, na adhuhuri ya jua kali, kwa ISO 100, picha hutoka sawa shata ikifunguka kwa 1/3200 ya sekunde. Wapiga filamu, kwa upande wao, hutaka shata ifunguke kwa nusu ya muda wa kila picha, yaani 1/50 kwa video ya picha 25 kwa sekunde, ili mwendo wa mawimbi na tanga uonekane laini. Na kutoka 1/3200 hadi 1/50 ni mwanga mara 64 kamili. Ndiyo maana juu ya bahari mchana ND64 hutumika, asubuhi na alasiri ND16 hutosha, na magharibi inapokaribia huvuliwa kabisa. Asiyejua bado kuiongoza kamera kwa mkono, na apigaye picha za mnato tu, aviache vichujio dukani. Mwenye kununua ahakikishe kimeundwa kwa ajili ya droni yake hasa, kwa sababu kizito kuliko kilichokusudiwa huzilemea mota ndogo zinazoituliza kamera, na chombo hulalamika kabla ya kuruka.

Kwa watu wa pwani, adui wa kweli ni mchanga na chumvi. Upepo wa rafadha huuinua mchanga wakati wa kupaa na kutua, nao huingia katika mota zilizo wazi. Mchanga mweusi wenye chembe za chuma hunaswa na sumaku za mota na hautoki kwa kupuliza. Kwa hiyo jamvi la kutulia droni, la nailoni na lenye kukunjika, ni mali, na kama halipatikani, kipande cha turubai kilichowekewa mawe pembeni hufanya kazi ile ile. Mkoba uwe na kipulizo cha mpira, brashi laini, kitambaa, na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu; chombo kilichoruka baharini kifutwe kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa maji matamu jioni ile ile. Mkoba wenyewe uwe mdogo. Sanduku gumu lenye povu hupendeza macho, lakini aghalabu huachwa nyumbani, na droni pamoja nalo.

Vilivyobaki twaweza kuvipita haraka. Kebo ya pili ya kuunganisha simu na rimoti inunuliwe. Kibandiko chenye nambari ya simu ya mwenyewe kibandikwe tumboni mwa chombo. Vizuizi vya rafadha vinafaa ndani ya nyumba peke yake, na nje viachwe. Mabati ya kukuza mawimbi ya rimoti hayana kazi kwa mtu ambaye sharti akione chombo chake kwa macho, na chombo cha gramu 249 hupotea machoni mapema sana kuliko mawimbi yanavyokatika. Maboya ya kutulia majini hukipindua chombo kwenye wimbi la kwanza.

Kuhusu namna ya kununua, furushi la mtengenezaji lenye betri tatu, kifaa cha kuchajia na mkoba kwa kawaida huwa rahisi kuliko kuvikusanya kimoja kimoja, na furushi lililotumika huwa rahisi zaidi. Lakini kwa lililotumika mnunuzi amwombe muuzaji aiwashe droni mbele yake, afungue programu, na aonyeshe kwa kila betri hesabu ya mara ilizochajiwa, kisha aiondoe droni katika akaunti yake ili mwenye kununua aiingize katika ya kwake. Muuzaji akikataa lolote kati ya hayo mawili, biashara ivunjwe hapo hapo.