Mugeza, Kanazi na Maana ya Neno Mseto

Katika vibanja vya Kanazi, kusini mwa mji wa Bukoba, mgomba huupa mbuni kivuli na maharage hustawi chini yake, na wenyeji huita ukulima huo kilimo mseto. Neno hilohilo limo katika jina la Shule ya Msingi Mugeza Mseto, katika Manispaa ya Bukoba, ambamo watoto wasioona, viziwi na wenye ualbino husoma pamoja na wenzao wasio na ulemavu. Kwa hiyo elimu jumuishi, yaani mpango wa kumsomesha kila mtoto katika shule moja kwa kuibadili shule imfae mtoto, ina mizizi ya nyumbani iliyo mirefu kuliko inavyodhaniwa.

Wamisionari Wakatoliki walifika Kashozi, kaskazini mwa Bukoba, mwaka 1892, na madarasa yakafuata. Lakini ilipita zaidi ya nusu karne kabla ya shule ya kwanza ya wasioona nchini kufunguliwa na Kanisa Anglikana huko Buigiri, Dodoma, mwaka 1950. Kanisa Katoliki lilianzisha shule ya viziwi Tabora mwaka 1963. Hizo zilikuwa shule maalumu, maana yake shule zilizowatenga wanafunzi wa ulemavu mmoja mahali pamoja, na ingawa ziliwaokoa wengi na ujinga, ziliwalazimu pia kukua mbali na ndugu zao. Mwaka 1966, katika Shule ya Msingi Uhuru Mchanganyiko jijini Dar es Salaam, wasioona walianza kusoma ndani ya shule ya kawaida. Hiyo ilikuwa miaka 28 kabla ya mkutano wa Salamanca, Hispania, wa mwaka 1994, ambao ndio unaotajwa duniani kote kuwa chimbuko la elimu jumuishi.

Kilichochelewa ni vifaa na walimu. Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, madarasa yakajaa, na katika msongamano huo mtoto asiyeona alikuwa na haki ya dawati lakini si lazima haki ya somo. Ugumu wenyewe huonekana mtu akitazama kibao cha nukta nundu, maandishi yanayosomwa kwa vidole ambayo kila herufi yake huundwa ndani ya nafasi 6. Mwanafunzi hutoboa karatasi kwa kijiti chenye ncha akianzia kulia kwenda kushoto, kwa kuwa nundu hutokea upande wa pili, kisha huigeuza karatasi na kuisoma kutoka kushoto. Mwalimu asiyezijua nukta hizo hawezi kusahihisha hata sentensi moja, na daftari la mtoto huyo hubaki bila alama ya vema wala ya kosa. Vivyo hivyo kiziwi aliyeketi mstari wa mbele mbele ya mwalimu asiyejua lugha ya alama amehudhuria tu, hajafundishwa. Darasa la namna hiyo ni mchanganyiko tu, si mseto kama ule wa mgomba na mbuni, ambamo mmoja humfaa mwingine.

Tanzania iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu mwaka 2009, na Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 ikaelekeza mtoto mwenye ulemavu asome katika shule ya kawaida, isipokuwa pale anapohitaji mawasiliano maalumu. Sharti hilo la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu mawasiliano maalumu huwa maalumu pale tu ambapo mwalimu hajafunzwa. Chuo cha Ualimu Patandi, mkoani Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu. Halmashauri za Bukoba na Muleba ziwaombe, ziwapange katika shule za kata pamoja na vibao na karatasi zake, ili mzazi wa Kanazi asilazimike kuchagua kati ya kumsomesha mwanawe na kuishi naye.