Vitenzi vya Kiingereza vyenye maana nyingi na visawe vyake vya Kihungari

Kitenzi cha Kiingereza chenye maana nyingi ni nadra kupata kisawe kimoja tu katika Kihungari. Know hugawanyika: kujua jambo ni tud, kumjua mtu au kuujua mji wa Budapest ni ismer. Run ni fut kwa mwanariadha, működik kwa mashine, vezet kwa anayeendesha kampuni. Inavutia kuhesabu visawe hivyo na kusema ndiyo idadi ya maana za kitenzi, lakini hesabu hiyo haisimami. Play ya ala hutoa zongorázik kwa piano na hegedül kwa fidla, kwa kuwa Kihungari hugeuza jina la ala kuwa kitenzi. Mwingereza hana maana mpya kwa kila ala, kama vile Mswahili anavyopiga gitaa na kupiga ngoma bila kubadili neno.

Huenda ikadaiwa kwamba angalau tud na ismer huonyesha mpaka halisi wa maana. Ni kweli. Ila tud nayo hubeba uwezo: tud úszni ni anajua kuogelea, mahali ambapo Kiingereza hutumia can. Kisawe hutegemea kinachoandamana na kitenzi, ndiyo sababu kamusi makini huweka yambwa kando ya kila kisawe.