Hadhira Kubwa na Hatima ya Fumbo: Kutoka Kapkatet hadi Mwambao

Mnamo mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nyimbo za Wakipsigis huko Kapkatet, mwendo mfupi kutoka njiapanda ya Kaplong. Miongoni mwazo zilikuwamo tatu zenye jina moja, Chemirocha. Asili ya jina hilo ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Mississippi aliyefariki mwaka 1933, ambaye sauti yake ilifika huku kwa santuri. Wakipsigis waliliunda upya jina lake kwa matamshi yao na, kwa mujibu wa maelezo ya Tracey, wakamfanya kiumbe nusu mtu nusu swala. Gitaa lake hawakulihitaji. Kinubi chao kilitosha.

Tunaanza na mfano huu kwa kuwa lawama iliyozoeleka katika uhakiki wetu ni kinyume chake: kwamba fani ikikutana na soko la watu wengi hupoteza nafsi yake. Mshtakiwa wa kudumu ni taarabu ya kisasa.

Itakumbukwa kuwa taarabu ilianzia katika kasri la Sultani wa Zanzibar, ikiimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, alikuwa akiifuata hadhira pana mno kuliko ile ya kasri. (Leo yeye ndiye kipimo cha uasilia, jambo ambalo lingewashangaza waungwana wa zama zake.) Hata hivyo, wimbo wake juu ya Kijiti, muuaji aliyetoroka huku mashahidi wakifungwa, ulibaki kuwa kesi ya mji, nao wenyeji waliijua.

Katika miaka ya 1990 vikundi kama East African Melody, TOT na Muungano vilileta rusha roho. Kinanda cha umeme kilichukua nafasi ya fidla na kanuni, na wasikilizaji waliozoea kuketi wakainuka kucheza. Wahakiki wengi wamezililia ala. Kwa maoni yetu wamekililia kisichostahili, maana fidla nayo ilikuwa mgeni.

Kilichobadilika ni fumbo. Katika ukumbi wa zamani shairi lilitaja ua au chombo baharini. Mwanamke akainuka kumtunza mwimbaji, akapita mbele ya yule aliyemkusudia, na maana ikakamilika hapo hapo, mbele ya watu wanaojuana. Kanda ikishafika Kericho, nani ajue nani kagombana na nani? Mtunzi analazimika kuutia ugomvi wote ndani ya maneno. Mpasho ukawa wazi kwa sababu hiyo zaidi ya kuporomoka kwa maadili, ingawa hatukatai kwamba uvivu wa utunzi nao umechangia.

Tusidai kuwa fumbo limekufa. Katika kumbi za arusi hadi leo wanawake huuchukua wimbo wa kanda, wakautuza na kumwelekezea jirani, na hivyo kuurudishia siri ambayo mtunzi hakuitia.

Wasichana waliomwimba Chemirocha hawakuwa na mnunuzi wa Mississippi wa kumridhisha. Waliwaimbia watu wa kwao. Nilipowasikilizisha wanafunzi wangu wa Kericho na Bomet nyimbo za aina zote mbili za taarabu, mpasho waliuelewa mara moja, wakacheka. Kwa Kijiti ilinibidi kwanza niwachoree ubaoni mitaa ya Ng'ambo.