Motokaa ya Daktari Fuchs, Iliyopotea Ikaonekana Tena

Viko vitu vilivyofanywa vichache tangu asili, hata kimoja kikiharibika hakuna cha kushika mahali pake. Katika hivyo imo motokaa ya Kifaransa iitwayo Bugatti Royale, yaani "ya kifalme". Zilifanyizwa 7 tu, na hivi leo zimebaki 6. Habari tutakayowasimulia wasomaji ni ya moja katika hizo sita, ambayo nusura ivunjwe vipande na kuyeyushwa kama sufuria kuukuu. Iliokoka kwa kuwa mtu mmoja alikuwa ameiona zamani, naye hakuisahau.

Kwanza yafaa tumjue aliyeifanya. Ettore Bugatti alizaliwa Milan, katika nchi ya Italia, mwaka wa 1881. Jamaa yake walikuwa watu wa sanaa: baba yake alitengeneza samani za thamani, na ndugu yake Rembrandt alikuwa mchonga sanamu za wanyama. Mwaka wa 1909 Ettore akaanzisha kiwanda chake Molsheim, katika jimbo la Alsace, ambalo siku zile lilikuwa chini ya Wajerumani. Baada ya vita ya 1914–1918 likarudi kwa Wafaransa. Alipata sifa kwa motokaa ndogo, nyepesi, zilizoshinda mashindano mengi. Lakini moyoni alitaka kufanya moja iliyo kubwa kupita zote, ambayo wafalme wenyewe wataitamani.

Gari la kwanza la namna hiyo lilikuwa tayari mwaka wa 1926. Injini yake ilikuwa na silinda 8 zilizopangwa katika mstari mmoja, na zile zilizofuata zilikuwa na ujazo wa lita 12.7 hivi, kiasi cha kutosha injini nyingi za motokaa za kawaida zikiwekwa pamoja. Urefu wa gari ulipita mita 6, na uzito wake ulikuwa kama tani 3. Juu ya rejeta alisimama tembo mdogo kwa miguu yake ya nyuma, ameinua mkonga, kwa mfano wa sanamu ya Rembrandt, ambaye alikuwa amekwisha kufa tangu 1916. Bugatti alikusudia kufanya magari 25. Mara ikaja shida kubwa ya fedha iliyoanza Marekani mwaka wa 1929 na kuenea duniani, na matajiri wakafunga mifuko yao. Wafalme hawakununua hata moja. Wanunuzi waliotoka nje ya kiwanda walikuwa 3 tu. Injini zilizobaki zikatiwa katika magari ya reli ya Ufaransa, yakachukua abiria wa kawaida kwa mwendo wa kasi. Na kwa maoni yetu kazi hiyo haikuwaaibisha hata kidogo.

Mmoja wa wale wanunuzi watatu alikuwa Josef Fuchs, Mjerumani, daktari wa wazazi. Gari lake aliuziwa likiwa chasisi na injini tu, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, naye akalipeleka kwa Ludwig Weinberger, fundi wa bodi katika mji wa Munich. Huyo akalivika bodi ya wazi yenye turubali la kukunja, rangi nyeusi na manjano. Kazi ikaisha mwaka wa 1932. Bei yake yote imeandikwa kuwa dola 43,000, nazo zilikuwa mali nyingi mno katika siku zile za dhiki.

Daktari hakustarehe nalo muda mrefu. Siasa ya Ujerumani ilipochafuka alihama nchi yake, akaenda Uswisi, kisha Shanghai katika nchi ya China. Na vita ya Wajapani ilipofika huko, karibu na mwaka wa 1937, akavuka bahari tena mpaka New York. Katika safari hizo zote gari lilikwenda pamoja naye. Msomaji na afikiri mwenyewe: mtu anakimbia vita, naye anasafirisha melini gari la tani tatu! Wengine watasema ni upumbavu. Sisi twaona kwamba huenda mhamaji akashikamana na kitu kimoja cha kwao hata kikiwa kizito, kwa sababu vingine vyote vimekwisha kumponyoka.

Huko New York ndiko lilikoonekana na Charles Chayne, aliyekuwa mhandisi mkuu wa kampuni ya Buick, iliyo tawi la General Motors. Alilistaajabia kwa jicho la mtu wa kazi hiyo hiyo, ajuaye ugumu wa kusubu chuma kikubwa namna ile. Halikuwa lake, naye akaenda zake. Lakini habari zake alikaa nazo.

Ndipo msiba ulipotokea. Katika nchi za baridi maji yaliyomo ndani ya injini hugeuka barafu wakati wa kipupwe, na barafu hutanuka kwa nguvu ambayo chuma hakiwezi kuizuia. Kwa hiyo wenyeji hutia dawa maalum ndani ya rejeta. Injini ya gari la Fuchs haikulindwa hivyo, ikapasuka. Katika motokaa nyingi kichwa cha injini hufunguliwa kikawekwa kingine. Katika Royale silinda na kichwa chake vimesubiwa pamoja kama kitu kimoja, na Marekani nzima haikuwa na akiba ya vipuri vyake. Kwa hiyo gari lililogharimu dola 43,000 likatupwa katika uwanja wa vyuma vikuukuu. Tena wakati wenyewe ulikuwa wa hatari, kwa kuwa katika vita ya 1939–1945 Wamarekani walikusanya vyuma vya kila namna ili viyeyushwe kwa kazi ya vita. Kwa mwenye kupima vyuma kwa ratili, tani tatu ni tani tatu, ziwe za kifalme au za jiko bovu.

Katika miaka ya 1940 Chayne akalikuta katika uwanja huo. Yasemekana alilipa kama dola 400. Mtu mwingine angepita akaona gari refu, lililochakaa, lenye injini mbovu. Yeye alijua kwamba lile ndilo aliloliona zamani likiwa zima, na kwamba duniani hakuna lingine lenye bodi ile. Akalichukua, akalitengeneza kwa muda na gharama, hata likatembea tena. Ettore Bugatti mwenyewe alifariki mwezi wa Agosti 1947.

Hapa yatupasa kusema jambo moja waziwazi. Chayne hakulirudisha jinsi lilivyokuwa. Mahali pa kabureta moja alitia nne, ili liendeke vizuri zaidi barabarani, na rangi nyeusi na manjano aliibadili ikawa nyeupe iliyofifia, na pembeni kijani kibichi cha giza. Wako wapenzi wa vitu vya kale wasiopendezwa na jambo hilo, nao wana haki. Hata hivyo ni vigumu kumlaumu sana, maana siku ile alipolitoa uwanjani hakuna aliyekuwa akishindana naye.

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Chayne na mkewe Esther walilitoa zawadi kwa Henry Ford Museum, katika mji wa Dearborn, jimbo la Michigan. Watu walitabasamu, maana mkubwa wa General Motors alikabidhi hazina yake kwa nyumba yenye jina la Ford, washindani wake. Mwaka wa 1985 gari hilo lilisafirishwa mpaka Pebble Beach, California, na magari yote sita yakasimama mahali pamoja. Kati yao yalikuwamo yale ambayo jamaa ya Bugatti waliyafichia nyuma ya ukuta wa matofali huko Ermenonville, Wajerumani wasiyatwae. La daktari lilijulikana mara moja, kwa weupe wake.