Jabari Mbele ya Kamera: Historia ya Sinema za Idi Amin

Aghalabu dhalimu huchezewa sinema baada ya kufa au kupinduliwa, wakati ulimi wa watu unapokuwa umefunguka. Lakini Idi Amin Dada, aliyeitwaa dola ya Uganda tarehe 25 Januari 1971 wakati Rais Milton Obote alipokuwa Singapore katika mkutano wa Jumuiya ya Madola, alianza kuchezwa akiwa angali kitini, na mchezaji wa kwanza wa sehemu ya Amin alikuwa Amin mwenyewe.

Mwaka 1974 mwongozaji Barbet Schroeder alikwenda Uganda kumpiga sinema mtawala huyo kwa idhini yake, naye Amin, kwa kuwa aliidhania kamera kuwa mtumwa wake kama walivyokuwa wengine waliomzunguka, akampangia mgeni karibu kila atakachokiona: safari ya chombo mtoni huku akiwasalimu mamba na tembo, mashindano ya kuogelea ambayo hapana aliyethubutu kumshinda, na mazoezi ya vita ambamo askari wake walijifanya wanaiteka milima ya Golan. Hata muziki wa sinema hiyo ni wake, uliopigwa kwa kodiani kwa mikono yake. Mtazamaji hucheka, na kucheka huko ndiko alikokutaka Amin, maana mtu anayechekesha hadhaniwi haraka kuwa ni muuaji.

Hata hivyo limo katika sinema hiyo jambo ambalo halikupangwa. Amin amekaa na baraza lake la mawaziri, anawakemea kwa sauti isiyo na haraka, anamlaumu waziri wa mambo ya nje kwa uzembe, na wale wakubwa wa serikali, wasomi kwa watu wazima, wameinamisha vichwa wakiandika kila neno katika daftari kama watoto wa chuoni mbele ya mwalimu mwenye bakora. Kisha sinema inatuarifu kuwa majuma mawili baadaye maiti ya waziri yule, Michael Ondoga, ilionekana katika Mto Nile. Hapo ndipo ilipo thamani kubwa ya kazi ya Schroeder: jabari alikusudia ajionyeshe yeye, lakini kamera ilipotua juu ya nyuso za waliokuwa wakimsikiliza, ikaeleza habari ya utawala wake kuliko hotuba zake zote.

Amin alipopata habari ya yaliyomo katika sinema kamili iliyoonyeshwa Ulaya, alitaka sehemu kadha wa kadha zikatwe; na Schroeder alipokataa, aliwakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda, akawazingira kwa askari katika hoteli, akawapa nambari ya simu ya mwongozaji ili wamsihi wenyewe kwa ajili ya roho zao. Sehemu zile zikakatwa, wala hazikurudishwa mpaka Amin alipoanguka.

Baada ya makomando wa Israel kuwaokoa mateka wa ndege katika uwanja wa Entebbe, mwezi Julai 1976, watengenezaji wa Marekani na Israel walikimbilia kisa hicho, na kabla ya mwaka 1977 kwisha zilikuwa zimetoka sinema tatu. Lakini humo Amin ni mpita njia katika hadithi ya watu wengine, na Waganda ni kivuli tu. Majeshi ya Tanzania yalipokwisha kuuteka mji wa Kampala tarehe 11 Aprili 1979, kufuatia uvamizi wa majeshi ya Amin huko Kagera, ikafuata sinema ya Sharad Patel wa Kenya, iliyotoka mwaka 1981, ambamo Mkenya Joseph Olita alimwigiza Amin kwa mfanano wa ajabu. Humo alicheza pia Denis Hills, Mwingereza aliyehukumiwa kifo mwaka 1975 kwa maneno aliyoandika juu ya Amin, akaokolewa kwa ujumbe wa serikali ya Uingereza, na sasa akaigiza nafsi yake mwenyewe. Bahati mbaya sinema hiyo ilishughulika mno na damu na vioja, ikamfanya Amin zimwi. Na zimwi halina wasaidizi, wala makarani, wala wanaonufaika naye.

Iliyovuma kupita zote ni *The Last King of Scotland* ya mwaka 2006, iliyoongozwa na Kevin Macdonald kutokana na riwaya ya Giles Foden na kupigwa nchini Uganda kwenyewe. Forest Whitaker alijifunza Kiswahili na kodiani, akaivaa haiba na ghadhabu ya Amin hata akatunukiwa tuzo ya Oscar mwaka 2007, na tuzo hiyo aliistahiki. Lakini macho tunayotazamia ni ya daktari wa Kiskoti ambaye hakupata kuishi duniani, na Kay, mke wa Amin aliyekufa kweli na maiti yake kukutwa imekatwakatwa mwaka 1974, amezuliwa mapenzi na daktari huyo wa kubuni.

Mwaka 2019 Jumba la Makumbusho la Uganda lilionyesha picha zilizochaguliwa kutoka hazina ya negativu zipatazo 70,000 za wapigapicha wa serikali ya Amin, na humo zilijaa sherehe na hadhara, wala si mateso ya Nakasero, makao ya askari wake wa siri. Kamera za dola zilimfuata mtawala, na sinema nyingi zimezifuata kamera hizo. Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyekamatwa na askari ndani ya Mahakama Kuu mwaka 1972, na Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977 kisha serikali ikadai ni ajali ya gari, walikuwa na wasifu unaotosha kuchezwa pasipo kuongezwa uzushi. Atakayetaka kuionyesha dhuluma ile kwa ukamilifu na aanze kwao, Amin aingie pale tu anapowagusa.