Kupatana Bei ya Majina ya Intaneti

Jina la kikoa, yaani anwani ya maneno inayompeleka mtumiaji kwenye tovuti, lilisajiliwa bila malipo hadi Septemba 1995, kampuni ya Network Solutions ya Marekani ilipoanza kutoza dola 100 kwa miaka 2. Business.com, lililonunuliwa kwa dola 150,000 mwaka 1997, liliuzwa kwa dola milioni 7.5 mwaka 1999, tofauti ya kushangaza kweli, lakini inayoeleweka, kwa maana jina haliwezi kuwa na wenyewe wawili, na mnunuzi anayelitaka hilo hilo hana duka jingine la kulinganisha bei. Kwa kuwa wapatanaji aghalabu hawakujuana, fedha ziliwekwa amana kwa mtu wa tatu, aliyezikabidhi kwa muuzaji baada ya jina kuhamishwa.